Kadi za ruki wa NFL: uliza zimechapishwa ngapi kabla ya kuuliza ni ya nani

Kila mwisho wa Aprili, drafti ya NFL ikishapita, yaani timu za ligi ya futiboli ya Marekani zikishachagua wachezaji wapya, watu wanaoweka hela kwenye kadi za picha za maruki, wachezaji wa mwaka wa kwanza, wanaulizana kitu kimoja tu, kwotabeki (mrusha mpira wa timu) gani mwaka huu, na mimi kiukweli naona hilo lilitakiwa liwe swali la pili. La kwanza ni hili: hiyo kadi unayoitaka zipo ngapi duniani? Maana jina unaweza ukalipatia kabisa, mchezaji akawa staa kama ulivyosema, akachukua pete ya ubingwa, na bado ukauza kwa hasara kwa sababu kadi uliyoshika wanayo watu maelfu na wote wanataka kuuza wiki ile ile.

Emmitt Smith ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Huyu jamaa mpaka leo ndiye anayeongoza kwenye historia ya ligi kwa yadi za kukimbia na mpira, 18,355, ana pete 3 za Super Bowl, fainali ya ligi, akiwa na Dallas, yuko Hall of Fame, jumba la magwiji, yaani kama mwaka 1990 ungeambiwa uchague ruki mmoja wa kuwekea hela usingepatia zaidi ya hapo. Lakini kadi zake nyingi za ruki za mwaka huo huo 1990 unazipata leo kwa hela ya kawaida kabisa, sababu kile kipindi cha mwisho wa miaka ya 80 na mwanzo wa 90 makampuni yalikuwa yanachapisha bila breki, kila mtu ananunua maboksi anayahifadhi akiamini yatamsomeshea watoto, na kitu ambacho kila mtu amekihifadhi hakiwezi kuwa adimu. Ukitaka hela kwa Emmitt lazima uwe na iliyopata gredi, yaani alama ya hali ya kadi, ya juu kabisa, na hata hapo usitegemee maajabu.

Sasa mgeukie kwotabeki Tom Brady. Drafti ya 2000, raundi ya 6, chaguo la 199, hakuna aliyekuwa anamtazama. Kuna kadi zake za ruki za aina nyingi mwaka ule, lakini iliyotikisa ni ya toleo la Playoff Contenders, ile ya Championship Ticket yenye saini yake, zilizotengenezwa 100 tu na kila moja imepigwa namba yake. Juni 2021 moja ikauzwa mnadani kwa dola milioni 3.1 hivi. Mwezi uliofuata kadi ya kwotabeki Patrick Mahomes ya toleo la 2017 National Treasures, yenye saini na kipande cha jezi chenye nembo ya NFL, ikaenda kwa dola milioni 4.3, na hiyo ipo moja tu duniani. Mahomes huyo huyo, mwaka huo huo, ana kadi za kawaida ambazo mtu yeyote anaweza kununua. Tofauti yote iko kwenye idadi.

Nakubali jina lina kazi yake, siwezi kulikataa. Kwenye NFL soko linawapenda makwotabeki kupita kiasi, wengine wanapata mabaki. Puka Nacua alichaguliwa raundi ya 5 mwaka 2023 akavunja rekodi ya maruki, mipira 105 aliyodaka na yadi 1,486, msimu wa ajabu kwa resiva, mdakaji wa mipira, lakini bado pesa nzito mwaka ule ilikuwa kwa C.J. Stroud sababu ni kwotabeki. Na Stroud mwenyewe anafundisha kitu: msimu wa kwanza alirusha tachidauni 23, yaani pasi za bao, na mipira iliyonaswa na wapinzani 5 tu, akawa ruki bora wa ushambuliaji, halafu msimu wa pili ikawa 20 kwa 12. Bado mchezaji mzuri sana kwa maoni yangu, lakini aliyenunua kadi yake ule wakati kila mtu anaimba jina lake alilipa bei ya mtu ambaye tayari ameshakuwa Mahomes. Trey Lance ndo usiseme. San Francisco walitoa chaguo 3 za raundi ya kwanza kupanda mpaka nafasi ya 3 mwaka 2021 ili wampate, na Agosti 2023 wakampeleka Dallas kwa chaguo moja la raundi ya 4, na nafasi yake ikawa imeshachukuliwa na Brock Purdy, chaguo la 262, la mwisho kabisa kwenye drafti ya 2022. Kama makocha na maskauti wanaolipwa kwa hiyo kazi tu wanakosea hivyo, mimi na wewe tunaotazama vipande vya video tusijidanganye kuwa tuna jicho.

Ndo maana narudi kwenye idadi. Jina ni kubahatisha, idadi unaweza kuihesabu.

Hapa pana ujanja wake sasa. Kadi za kisasa, chukua Prizm, toleo ambalo kampuni ya Panini walilileta kwenye NFL mwaka 2012, zinakuja na ndugu zake wa rangi rangi, picha ile ile lakini rangi au mng'ao tofauti. Dhahabu zipo 10, nyeusi ipo 1, katikati hapo kuna rangi kibao kila moja na idadi yake. Halafu kuna ile ya Silver ambayo watu wanaigombania kama mahari na haina namba yoyote nyuma, yaani hujui wamechapisha ngapi. Mimi sina ugomvi na Silver, inauzika haraka na hilo ni jambo kubwa, ila usiiite adimu. Na hata zile zenye namba, mtu anaona 45/99, yaani ya 45 kati ya 99, anafurahi, hajajumlisha. Jumlisha rangi zote za mchezaji huyo kwenye hilo toleo moja, kisha kumbuka mwaka huo huo ana kadi kwenye Donruss, Optic, Select, Mosaic, Contenders, Immaculate na mengine, kila moja na rangi zake, utakuta huyo ruki ana kadi "adimu" nyingi kuliko mashabiki wanaoweza kuzinunua. Ninachoangalia mimi ni zile chache ambazo wakusanyaji wenyewe wameshazizoea kwa miaka, saini ya Contenders, saini yenye kipande cha jezi ya National Treasures, na rangi za Prizm zenye namba ndogo, kwa sababu miaka 10 ijayo mnunuzi atakuwa anazijua bila kuelezwa.

Idadi ya pili ni ya gredi. PSA, kampuni inayopima hali ya kadi, wanatoa alama 1 mpaka 10, na wanaweka wazi kila kadi wameshaipa 10 mara ngapi, 9 mara ngapi, na hii ripoti ni bure, mtu kununua kadi ya PSA 10 bila kuifungua ripoti hiyo ni uvivu tu. Lakini isome kwa akili. Kadi ya zamani kama ya Jerry Rice ya kampuni ya Topps, 1986, ile yenye mipaka ya kijani inayochubuka ukiigusa tu, zilizo safi zimeshatafutwa miaka mingi, idadi ya 10 ni ndogo na haitegemewi kuruka ghafla. Kadi ya ruki wa juzi ni tofauti kabisa, namba unayoiona leo ni mwanzo, watu bado wanatuma. Tuliliona hilo wakati wa korona: kila mtu alituma kadi mpaka Machi 30, 2021 PSA wakasimamisha huduma zao za bei nafuu kwa sababu mzigo uliwashinda, na kadi zote zile zilipoanza kurudi kwa wenyewe zikiwa kwenye makasha na zimeshapewa alama, wauzaji wakawa wengi kwa mpigo na bei za kadi za kawaida zikaporomoka vibaya. Mahomes hakuwa amefanya kosa lolote uwanjani.

Wakati wa kununua siupi maneno mengi. Kuanzia Mei mpaka Julai hakuna mechi, watu wamehamia kwenye michezo mingine, bei nyingi zinalala. Septemba zinaamka. Mchezaji akiumia goti mwaka wa pili na wewe unaamini atarudi, hapo ndo pa kuongea na muuzaji, sio siku aliyorusha tachidauni 4 Jumapili usiku.

Vitu vidogo vidogo vinavyokula watu: kadi yenye jezi ya chuo mara nyingi hailipi kama yenye jezi ya timu ya NFL, hata ikiwa na saini. Saini iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe inapendwa kuliko ya stika iliyobandikwa. Kipande cha jezi soma maandishi ya nyuma, nyingi zimeandikwa wazi kuwa hakitoki kwenye mechi yoyote maalumu, ni jezi aliyoivaa dakika chache kwenye kupiga picha. Na ile karatasi ya kukuahidi kuwa saini itatumwa baadaye ina tarehe ya mwisho, ikipita umebaki na karatasi. Kwenye kuuza, eBay wanakata asilimia 13 hivi, ongeza posta na bima, na kwa walioko Marekani kodi ya faida ya vitu vya kukusanya ukikaa navyo zaidi ya mwaka inaweza kufika asilimia 28, juu kuliko ya hisa. Ukipiga hesabu zote hizo, kadi iliyopanda asilimia 20 inaweza isikuache na kitu mkononi.

Jambo ninalolifuatilia kwa karibu zaidi siku hizi ni leseni ya kutengeneza kadi za NFL. Panini walianza kushika NFL peke yao mwaka 2016, na mwaka 2021 ikajulikana kuwa haki zitahamia kwa kampuni ya Fanatics, ambao Januari 2022 wakainunua Topps. Prizm, Contenders na National Treasures ni majina ya Panini, hayahami na leseni. Kwa hiyo kuna maruki ambao kadi zao kubwa zitakuwa za majina tofauti na ya Mahomes na kwotabeki Joe Burrow, na soko litabidi liamue upya ipi ndiyo kadi ya kushika kwa mchezaji husika. Mimi kwa hao wa kipindi cha kuhama sitakimbilia, nitasubiri misimu miwili au mitatu nione wakusanyaji wanagombania ipi kwenye minada, halafu ndo nitafute yenye namba ndogo. Hela niliyonayo kwa sasa naielekeza kwa makwotabeki wa 2017 mpaka 2020, ambao tumeshawaona wakicheza na kadi zao zimeshahesabika, na nanunua kadi moja moja, boksi lililofungwa siligusi, kwa sababu bei ya boksi tayari imebeba ndoto ya kadi bora iliyoko ndani na wengi wanaofungua hawaikuti.