Tazama ubavu kabla ya kashata: kununua tairi la baiskeli ya mlima

Mtu akiingia dukani kutafuta tairi la baiskeli ya mlima, jicho linakimbilia kashata, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga ardhi. Anayabonyeza meno kwa kidole, anaona ni marefu na yana kona kali, anatoa hela. Wiki ya tatu baiskeli imepinduliwa kando ya njia, ubavu wa tairi umechanika, na kashata bado zina vile vinyweleo vya kiwandani. Njia zetu zina miiba, mawe ya volkano na matumbawe, na tairi kwa kawaida hufia ubavuni kashata zikiwa bado nzima. Kwa hiyo anza na ubavu. Hata namba zote za maana zimeandikwa hukohuko.

Tafuta namba ya mtindo huu: 57-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale waya wa tairi unapokaa kwenye ringi, na hiyo ndiyo ya kuamini. Za inchi ni majina ya utani tu. 622 ndiyo inayoitwa 29. 584 ni 27.5, wengine huiandika 650B. 559 ni 26 ya baiskeli za mlima za zamani, zile zilizojaa kwenye mitumba.

Mtego wenyewe uko hapa: tairi la ile baiskeli nyeusi ya kubebea magunia limeandikwa 28 x 1½, lakini kipenyo chake ni 635. Yaani hiyo "28" ni kubwa kuliko "29"! Linaingia kwenye ringi la 622 bila jasho, kila mtu anafurahi, kisha upepo ukipanda kidogo linachomoka upande mmoja na tyubu inalipuka. Ndivyo ilivyo pia kwa 26 x 1⅜, ambayo ni 590, na 26 x 2.10, ambayo ni 559. Tairi lenye sehemu (1⅜, 1½) na lenye desimali (2.10, 2.25) usiyachukulie kuwa ndugu hata kama tarakimu ya kwanza inafanana.

Upana unaamuliwa na ringi. Pima ndani, ukuta hadi ukuta. Ringi nyingi za mtumba zina milimita 17 hadi 19, na hizo zinabeba vizuri tairi la inchi 1.95 hadi 2.1, 2.25 inakubali lakini ndio mwisho wake. Ringi la milimita 25 linataka 2.25 hadi 2.4, la 30 linataka 2.4 hadi 2.6. Tairi nene kwenye ringi jembamba huvimba juu na kubanwa chini kama uyoga, na ukipunguza upepo linalala kila unapokata kona. Kisha angalia nafasi kwenye fremu: penseli ipite kati ya tairi na fremu pande zote mbili, hasa pale nyuma karibu na pedali. Ikikwaruza, tope la kwanza tu litageuka breki.

Sasa ubavu wenyewe. Utaona TPI, yaani idadi ya nyuzi kwa inchi, mara nyingi 60 au 120. Wengi hudhani 120 ni imara zaidi, kama shuka lenye nyuzi nyingi. Kwa tairi ni kinyume: nyuzi zikiwa nyingi ni nyembamba zaidi, tairi linakuwa jepesi na laini, linateleza juu ya vijiwe kwa raha, lakini linachanika upesi. Kwa njia zetu 60 yenye tabaka la ziada ubavuni ni chaguo la mtu mzima. Kampuni ya Maxxis huandika EXO kwenye tairi lenye tabaka hilo, EXO+ likiongezwa, na DoubleDown kwa la kazi nzito. Schwalbe hutumia Super Ground, Super Trail na Super Gravity, kutoka jepesi kwenda gumu. Na kama mfuko haufiki kwa Maxxis, usilidharau CST: yote mawili yanatoka Cheng Shin ya Taiwan.

Mizani pia inasema ukweli. Tairi la 29 x 2.25 la mashindano lina gramu 650 hadi 700, na uzito huo umepunguzwa ubavuni. La matembezi ya milimani lenye 2.4 lina gramu 850 hadi 1,000. Kwa anayepita njia ya Magadi au kwenye matumbawe ya Kilifi na kusini mwa Unguja, hizo gramu 200 ni bima. Kwa anayezunguka msitu wa Karura, Nairobi, siku ya jua, ni mzigo wa bure.

Kabla ya kulipa, likunje tairi kwa mkono, ubavu utokeze nje kama kiwiko. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za kisigino kilichokauka, limekaa dirishani juani muda mrefu. Liache, hata kama bei imeshuka. Bana ubavu kati ya kidole gumba na cha shahada: ukihisi kama karatasi ya bahasha, unajua hatima yake. Angalia waya usiwe umepindwa na mtu aliyelikunja kwa nguvu, maana waya wa chuma ukivunjika kona tairi halikai tena duara. Yale yanayokunjika yana nyuzi za Kevlar mahali pa waya. Hayo ndiyo ya kubeba kwenye begi.

Tukija kwenye kashata, uliza ardhi kwanza. Murami, ule udongo wa barabara zisizo na lami, ukiwa mkavu na umegandamana wakati wa kiangazi, unataka meno mafupi yaliyosongamana katikati: Maxxis Ikon au Vittoria Mezcal kwa mfano. Meno marefu hapo yanajikunja, yanalia, yanaisha. Lakini murami una tabia mbaya: juu yake hukaa changarawe legevu, sawa na kukanyaga gololi sakafuni. Hapo katikati pabaki pafupi, ila meno ya pembeni yawe marefu, yenye kitako kipana, maana ndiyo yanayoshika ukilaza baiskeli. Maxxis Rekon na Vittoria Barzo ni za hali hiyo. Anayeshuka kwa kasi milima ya Ngong aweke Maxxis Minion DHF mbele.

Udongo mwekundu wa Lushoto au Karura wakati wa masika ni sabuni. Unataka meno marefu yenye nafasi kubwa kati yake ili tope lirushwe kila gurudumu linapozunguka. Nafasi ndiyo siri, kuliko urefu. Meno yakisongamana, kwa mizunguko kumi tairi linakuwa chapati laini, na kilichobaki ni kuomba Mungu. Schwalbe Magic Mary au Maxxis Shorty mbele hufanya kazi hiyo. Usipanue sana: 2.3 inazama hadi kwenye ardhi ngumu chini, 2.6 inaelea juu ya utelezi.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa tambarare za Athi, ni habari nyingine. Ukilowa hauna tairi. Unanata, unabeba nyasi na vijiwe, unajaza fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na ukilazimisha unavunja kishikio cha gia cha nyuma. Hapo dawa ni kusubiri siku mbili za jua au kubeba kijiti cha kukwangulia na subira.

Mchanga wa pwani na wa mabonde makavu unataka upana na upepo kidogo. Kashata ziwe fupi, kwa sababu meno marefu yanachimba badala ya kupanda juu.

Kuhusu ugumu wa mpira: hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore. 60 ni mgumu, unadumu. 42 ni laini sana, unanata kwenye jiwe bichi na mizizi. Schwalbe hutofautisha kwa mstari wa rangi: mwekundu ni wa kasi, bluu wa kati, chungwa laini, zambarau laini kabisa. Mpira laini weka mbele tu. Nyuma, kwenye murami wa moto, unalika kama kifutio. Tairi la mbele ndilo linalokuangusha, kwa hiyo fedha yako iende huko. La nyuma likiteleza unarekebisha kwa mwili. Na la nyuma likiisha, usinunue jipya la nyuma: nunua la mbele, hamishia lile la mbele nyuma. Tazama mshale wa mzunguko ubavuni, maana aina nyingine mshale wa nyuma hautazami sawa na wa mbele.

Miiba sasa. Wa mgunga ni mrefu, mweupe, unaonekana. Uwe mwangalifu karibu na maboma, ambako matawi yaliyokatwa kwa uzio humwaga miiba njiani. Adui wa kweli ni mbigili. Tunda lake likikauka hupasuka vipande, na kila kipande kina miiba ambayo, kiangukavyo, mmoja hutazama juu. Ukivuka kiwanja kikavu kimoja unaweza kuhesabu kumi na tano kwenye tairi. Ukiwa na tyubu, kung'oa ni lazima: toa tairi, pitisha pamba ndani taratibu pande zote, nyuzi za pamba zitanasa kwenye ncha ambazo kidole hakizihisi. Ncha iliyovunjikia ndani isukume nje kwa koleo. Anayebandika kiraka bila kufanya hivyo atabandika kingine baada ya kilomita mbili.

Ndiyo maana kwenye nchi ya mbigili tairi la tyublesi, yaani linalokaa bila tyubu, linalipa gharama yake, likiwa na silanti ndani, yaani ule utomvu unaoziba matundu. Lakini tairi na ringi viwe vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Ringi la kawaida la mtumba usilijaribu. Safisha ringi kwa spiriti, zungusha utepe unaozidi upana wa ndani kwa milimita 2 au 3, mizunguko miwili, uvute usiache kiputo. Toboa tundu la valvu kwa msumari wa moto. Kisu huacha mchaniko unaotembea. Paka maji ya sabuni kingo zote mbili. Huna kompresa? Weka tyubu kwanza, jaza, acha usiku mzima. Kesho fungua upande mmoja tu, toa tyubu, funga valvu ya tyublesi, toa kiini cha valvu ili upepo uingie kwa wingi, kisha piga pampu haraka bila kupumzika. Utasikia "pa! pa!" waya ukikaa. Kwa kompresa ya lori kituo cha mafuta, enda kidogo kidogo na usivuke namba ya MAX iliyo ubavuni. Mimina silanti mwisho, kupitia valvu: mililita 60 hadi 70 kwa 26 x 2.1, 80 hadi 100 kwa 29 x 2.25, 100 hadi 120 kwa 2.4. Zungusha, laza gurudumu ubavu mmoja kisha mwingine.

Silanti inakauka kwa joto. Pwani na Bonde la Ufa ikague kila wiki 6 hadi 8. Arusha, Lushoto au Nairobi kila miezi 3. Tikisa gurudumu sikioni: usiposikia maji, hakuna. Mbigili ulionasa njiani uache hapohapo hadi nyumbani. Ukiung'oa, geuza tundu liangalie chini silanti ilifikie.

Upepo, unaopimwa kwa psi, kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi la 2.25: na tyubu, psi 26 mbele na 29 nyuma, tyublesi, 20 na 23. Ongeza 1 kwa kila kilo tano hivi. Udongo mwekundu mbichi punguza 2, mchanga punguza 3 au 4, mawe ya Magadi ongeza 2. Ukijaza Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, kisha ukashuka Mombasa, kipimo kitasoma karibu psi 3 pungufu, kwa kuwa hewa ya nje kule inasukuma zaidi, ingawa joto la pwani hurudisha kiasi. Kwa tairi la psi 20 hiyo ni tofauti ya kugonga ringi. Tumia kipimo chako mwenyewe kila mara. Cha kituo cha mafuta kimeundwa kwa magari.

Tundu la tyubu nalo linasema. Matundu mawili sambamba: upepo ulikuwa mdogo, ringi limeibana. Tundu moja upande wa nje: mwiba. Upande wa ndani: utepe wa ringi umehama, kichwa cha spoki kinachoma. Kwenye shina la valvu: tyubu ilitembea kwa upepo kidogo, au pampu ilivutwa vibaya.

Ubavu ukichanika njiani, kata kipande cha tairi kuukuu la baiskeli ya barabarani, urefu wa sentimita 6, bila waya, kiweke ndani ya mchaniko kabla ya tyubu, jaza psi 20 tu. Kipande hicho ni cha kukufikisha nyumbani. Mafundi wetu hushona tairi, na kwa baiskeli ya magunia inayotembea taratibu na upepo mwingi mshono unadumu. Kwa tairi la mlima ubavu unajikunja kila mzunguko, uzi unasugua tyubu usiku na mchana. Mchaniko ukizidi sentimita moja, kata tairi hilo liwe akiba ya viraka.