Kabla ya kuhesabu plastiki kwenye utumbo wa sangara

Utafiti wa Ziwa Victoria uliochapishwa mwaka 2016 ulichukua sangara 20 na sato 20 kutoka Mwanza. Vipande vya kutiliwa shaka vilionekana kwa sangara 11 na sato 7. Vilipopimwa kwa mwanga wa infraredi, unaotambua kipande ni cha nini, plastiki ilithibitika kwa asilimia 20 tu ya samaki wa kila aina. Darubini peke yake hudanganya.

Kazi huanzia kwenye kuyeyusha utumbo ili plastiki ibaki. Tumia KOH (potasiamu haidroksaidi) ya asilimia 10: gramu 100, kisha ongeza maji hadi lita moja. KOH ndiyo itiwe kwenye maji, kidogo kidogo, maana huchemka. Ichuje kabla ya kuitumia. Ujazo wake uwe angalau mara tatu ya utumbo, kwenye chupa ya kioo iliyofunikwa foili, ndani ya oveni ya nyuzijoto 40 kwa saa 48 hadi 72. Wenye haraka hupandisha hadi 60, na hapo poliesta huanza kuliwa. Asidi ya nitriki ni mbaya zaidi: huyeyusha nailoni, na nailoni ndiyo nyavu zenyewe!

Sangara ana mafuta, na mafuta yakikutana na KOH ni sabuni. Ikipoa inaganda na kuziba chujio, kwa hiyo chuja ingali moto na usuuze kwa maji moto yaliyochujwa. Sato tatizo lake ni tope na mwani. KOH haigusi mchanga, na mimea huiacha nusunusu. Hapo unaelesha plastiki kwenye maji mazito. Maji ya chumvi ya mezani yaliyokolea (uzito wake gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo) huinua polithini na nailoni, lakini PET (plastiki ya chupa za maji) yenye 1.38 inabaki chini pamoja na mchanga. Zinki kloraidi ya 1.6 huiinua, ila ni sumu na bei yake inauma.

Kila kundi la sampuli liende na chupa isiyo na samaki, ipitie hatua zote zilezile. Sweta ya poliesta chini ya koti la maabara inatosha kuiharibu siku nzima. Chupa hiyo isiyo na samaki ikitoa nyuzi 4 za buluu na samaki akatoa 5, huna matokeo.

Pia andika ukubwa wa chini kabisa unaoweza kuuthibitisha. Chujio la mikromita 1.2 halisaidii kitu ikiwa darubini yako ya infraredi inaishia kwenye mikromita 20.