Umemaliza video za Python? Soma kitabu hiki

Wadogo zangu wanaojifunza kuandika programu huniuliza swali lile lile: nikishaijua Python kidogo, au JavaScript, nisome nini? Wengi hutarajia niwatajie lugha nyingine. Mimi huwatajia The Pragmatic Programmer, cha Andrew Hunt na David Thomas. Kilitoka 1999, kikafanyiwa kazi upya 2019, na hakifundishi lugha yoyote. Kinafundisha kazi yenyewe: ufanye nini programu ikigoma, ufanye nini mteja akigeuza mawazo, uupangeje msimbo (code, maandishi ya programu) ili atakayeurithi asikulaani.

Nasema kulaani kwa sababu mimi nimewahi kurithi. Mwaka 2020 niliitwa na mwenye duka la vipuri vya magari hapa Mombasa. Serikali ilikuwa imeshusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili, na programu yake ya risiti bado ilikuwa inatoza ile ya zamani. Aliyeiandika hashiki simu. Kwa mwenye duka, hii ilikuwa kazi ya kubadilisha namba moja tu. Nikaufungua msimbo. Kwenye risiti kuna 0.16. Kwenye ripoti ya mwezi kuna 1.16, maana pale bei inagawanywa ili kupata thamani kabla ya kodi. Kwenye bidhaa zilizorudishwa, mtu ameandika 16 kisha akagawanya kwa 100. Na huwezi kuiamuru kompyuta igeuze kila 16 iwe 14, kwani ukubwa wa herufi za risiti nao ni 16! Nikazikusanya zote zikawa namba moja, yenye jina lake, mahali pake. Januari 2021 serikali ilipoirudisha 16, nilibadilisha mstari mmoja nikiwa nimesimama, chai mkononi.

Hunt na Thomas wana kanuni ya jambo hili, maarufu kwa herufi tatu, DRY (Don't Repeat Yourself, yaani usijirudie): kila jambo ambalo programu inalijua liwe na makao mamoja. Wengi huidhania kuwa ni kupiga marufuku mistari inayofanana. Toleo la 2019 linalinyoosha hilo kwa mfano mzuri: kipande kinachokagua umri wa mtu na kingine kinachokagua idadi ya bidhaa. Vyote viwili vinafanana mstari kwa mstari, lakini umri ni umri na idadi ni idadi. Ukiviunganisha, kisha duka likaamua mteja asiagize zaidi ya bidhaa 50, mzee wa miaka 60 hataweza kujisajili.

Usianze ukurasa wa kwanza. Anza na sehemu ya kusaka makosa. Humo mna kisa cha mhandisi mzoefu aliyeshikilia kwamba select, huduma ya ndani kabisa ya mfumo wa Unix, ndiyo mbovu. Programu nyingine zote za mtandao kwenye mashine ile zinafanya kazi vizuri, yeye hasikii. Wiki kadhaa anaandika njia za kuikwepa. Alipolazimishwa kukaa chini asome maelezo ya select, alilipata kosa na kulirekebisha kwa dakika chache. Kila mtu akiandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba "hii maktaba ina shida" (maktaba ni msimbo ulioandikwa na wengine, unaoutumia ndani ya programu yako), mimi humkumbuka yule bwana.

Sehemu hiyo hiyo ndiyo yenye bata wa plastiki: unamweleza bata msimbo wako unafanya nini, hatua kwa hatua, na mara nyingi kosa hujitokeza kabla hujamaliza. (Mimi sina bata. Namweleza paka, ingawa huondoka katikati ya maelezo.)

Sura ya kazi zinazokwenda sambamba, yaani programu kufanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja, iruke kwanza. Si mbaya, ila kama tatizo lenyewe halijawahi kukuuma, haitakuingia. Kiingereza chake hakina makuu, lakini utani mwingine ni wa Kimarekani na utakupita. Usihangaike nao.

Ukinunua, chukua toleo la 2019. Lile la 1999 mifano yake mingi ni ya lugha za C++, Java na Perl, na utapoteza muda kusoma mifano badala ya hoja. Mazoezi yana majibu mwishoni mwa kitabu. Jaribu mwenyewe kabla hujafunua huko.