Barafu nene ni umeme unaopotea

Kabla ya kuwaza mtambo mpya wa kupoza uwanja wa barafu, toboa barafu kwa drili upime unene wake (funga utepe kwenye keekee kuonyesha kina, ili usiguse zege). Milimita 25 hadi 38 zinatosha kwa hoki. Mabomba ya kupozea, yanayopitisha maji ya chumvi baridi, yamo ndani ya zege, chini kabisa. Barafu ikifika milimita 50 inageuka blanketi, na ili uso ubaki nyuzi −5, maji ya chumvi lazima yashushwe baridi zaidi. Mzigo huo wote unabebwa na kompresa, mashine inayogandamiza gesi ya kupozea. Pima kila wiki, hasa kwenye kona na kandokando ya mbao zinazozunguka uwanja, ambako barafu hujilimbikiza kimyakimya.

Pampu ya maji ya chumvi nayo ni mwizi wa pande mbili: inakula umeme, kisha joto lake linaingia kwenye maji yale yale unayoyapoza. Ifungie kidhibiti mwendo. Ukishusha kasi ya pampu hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika hupungua karibu nusu. Lakini usizidishe, mtiririko ukiwa hafifu mno, sehemu ya uwanja huanza kulainika.

Dari pia humimina joto kwa mnururisho, yaani kwa miali kama ya jua. Shuka ya alumini inayong'aa, ikitandazwa chini yake, hulipunguza sana.

Na joto la kondensa, sehemu ya mtambo inayotoa joto lililoondolewa kwenye barafu? Kulitupa nje huku boila ikichemsha maji ya kumwagia barafu ni kichekesho. Mtambo unaotumia kaboni dayoksaidi kama gesi ya kupozea unaweza kuyapasha hadi nyuzi 60.