Kile Kirusi cha 2014

"Baba, mbona hapa sina miguu?"

Binti yangu alikuwa amekalia kiti changu, ameinamia skrini, anatafuta picha moja tu ya utotoni ya kupeleka shuleni. Kwenye hiyo aliyoipata ana mwaka mmoja na ushei, kashika ukingo wa kochi, anacheka mpaka fizi zote zinaonekana. Kuanzia magotini kushuka chini hakuna kitu. Ni ukanda wa kijivu tu, kama mtu aliyesimama ndani ya saruji.

"Halafu nani alizipa picha zangu majina haya?" Akasoma moja kwa sauti, herufi kwa herufi: "f, sifuri, tatu, nane, nne, tano, moja, mbili."

Kabla sijafungua kinywa, mama yake akajibu kutoka upande wa pili wa sebule, macho yake kwenye simu. "Si kile kirusi cha kompyuta cha 2014."

Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka 11, jioni moja zaidi isingeniua.

Hakukuwa na kirusi.

Wakati huo nilikuwa na kompyuta ya mezani, ile ambayo feni yake ilikuwa ikianza kuunguruma watu wanapandisha sauti ya televisheni. Diski yake ilikuwa ya gigabaiti 160, ambazo kompyuta yenyewe ilizihesabu 149, na fundi aliyeiunga alikuwa ameipasua katikati sawasawa kuwa vipande viwili, yaani patisheni: 74.5 huku, 74.5 kule. C na D. Akaniambia yale tunayoambiwa wote, kwamba C ni ya Windows na D ni ya vitu vyako, ili siku Windows ikiharibika unapiga nyingine kwenye C na vitu vyako hata havijui kilichotokea. Nilimwitikia kwa adabu, kisha kwa miaka yote iliyofuata nikatupa kila kitu kwenye Desktop, ule uso wa mwanzo wa skrini. Desktop iko C. Kwa hiyo C yangu ilikuwa imefura na D ilikuwa tupu, na hivyo ndivyo nilivyozoea kuzitofautisha. Iliyojaa ni C, iliyo tupu ni D. Shikeni hapo.

Mwaka 2014 ulipofika ilikuwa imeshatangazwa kwamba ifikapo tarehe 8 Aprili Windows XP haitapata tena marekebisho ya usalama. Ilikuwa imeishi tangu Oktoba 2001, umri mrefu kwa kitu cha namna ile, na mimi nilikuwa mmoja wa wale walioapa kufa nayo. Lakini niliposoma habari za watu wanaosubiri tarehe hiyo ipite ndipo waanze kuingilia mashine zisizo na mlinzi, kiapo kikalegea. Nikaamua kuhamia Windows 7. Shida ni kwamba kutoka XP kwenda 7 hakuna ngazi ya kupandia. Huwezi kuiambia ijipandishe na kuacha kila kitu mahali pake. Unaanza upya. Unahamisha vitu, unafomati, yaani unaifuta sehemu ya diski iwe tupu, unapiga Windows, kisha unarudisha programu zako moja moja kama mtu anayepanga vyombo kwenye nyumba mpya.

Wiki nzima nikawa nahamisha. Kila usiku mtoto akilala, nachukua folda kutoka Desktop na kuipeleka D. Picha tangu ujauzito. Kazi za mama yake za masomo. Barua, risiti nilizoskani, na folda niliyoiita Draiva ambamo nilikuwa nimeshusha kila kitu ambacho Windows mpya ingehitaji ili itambue kadi ya mtandao, sauti na printa. Katika hili nilijiona mtu wa mbele sana.

Na sikunakili. Nilikata na kubandika. Nimeshajiuliza mara nyingi kwa nini. C ilikuwa imejaa mpaka mashine inapumua kwa shida, hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba nilifurahia kuona Desktop inabaki nyeupe. Nilitaka kuondoka na kuacha nyumba imefagiliwa.

Jumamosi, siku 3 kabla ya tarehe yenyewe, saa saba usiku, nikaweka diski ya Windows 7 na kuiwasha mashine kupitia hiyo. Nikachagua lugha, nikakubali masharti ambayo hakuna binadamu ameyasoma, nikafika kwenye ukurasa unaouliza Windows ikae wapi.

Hapa ndipo ninaporudi kila nikikosa usingizi.

Ukurasa ule hauandiki C wala D. Una mistari miwili tu. Disk 0 Partition 1, ukubwa 74.5, nafasi iliyo wazi 63.2. Disk 0 Partition 2, ukubwa 74.5, nafasi iliyo wazi 12.8. Basi. Hakuna jina nililowahi kuliona, kwa sababu sikuwahi kuzipa jina.

Najua mnachotaka kusema. Ya kwanza ndiyo C, hata mtoto angebahatisha. Mimi pia niliwaza hivyo, kwa sekunde kama mbili. Kisha nikaiangalia ile sifuri. Kompyuta inayohesabu diski kuanzia sifuri na patisheni kuanzia moja, ndani ya mstari mmoja, mimi siwezi kuiamini kwa namba. Nikaacha namba nikaangalia nilichokijua kwa miaka. Ipi imejaa? Ya pili, imebakiwa na 12.8. Iliyojaa ni C. Nakumbuka kabisa nilivyotikisa kichwa kidogo kwa kuridhika, kama mtu aliyegundua mtego na kuukwepa.

Nikabofya mstari wa pili. Nikabofya kufomati. Likaja onyo kwamba patisheni hii huenda ina mafaili muhimu, na kwamba yote yatapotea. Nikafikiri, naam, ni kweli, ilikuwa nayo, ndiyo maana nimeyahamisha. Nikakubali.

Kilichoniudhi baadaye ni wepesi wake. Kuhamisha kulinichukua usiku sita. Kufomati kulichukua muda wa kukohoa mara moja. Kishale kikazunguka kidogo, ukurasa ukatulia, na mstari wa pili sasa unasema nafasi iliyo wazi 74.4.

Nikaiangalia hiyo 74.4. Ilikuwa safi, nikaipenda. Kisha macho yakapanda mstari wa juu kuiaga D, na D ilikuwa inasema 63.2.

Mbona D ina nafasi kubwa hivyo, wakati nimetoka kuijaza?

Sikushtuka mara moja. Watu husema damu iliwaganda, yangu haikuganda. Nilianza na hesabu. Nilikaa nikijumlisha folda moja moja, kwa upole, kama mwenye duka anayerudia mahesabu akiwa na hakika kwamba kosa ni la kalamu. Picha, gigabaiti kadhaa. Video, nyingi zaidi. Masomo ya mama yake, kidogo. Kila nikijumlisha jibu linakuja lile lile, na kila likija nasogeza kiti karibu zaidi na skrini, kana kwamba umbali ndio uliokuwa tatizo. Nadhani nilisema "hapana" kwa sauti. Feni ikaendelea kuunguruma. Mtoto akageuka kitandani chumba cha pili, nikamsikia, na ndipo tumbo likashuka.

Nikakibana kitufe cha kuzimia mpaka mashine ikakata pumzi.

Nilipoiwasha tena bila ile diski ya usakinishaji, XP ikaamka. Ilikuwa salama salimini, haikuwa imeguswa na mtu. Na kwenye Desktop niliyoifagia ikatokea ile picha yake ya miezi sita, imejaa skrini nzima, ananitazama. Kwa sekunde nzima niliamini ni ndoto. Baadaye ndipo nikaelewa: XP ukiipa picha iwe pambo la Desktop, inajitengenezea nakala yake na kuificha ndani ya C. Picha yenyewe ilikuwa imekwenda na D. Hii ilikuwa kivuli chake tu, na ndicho kitu pekee ambacho nilikuwa nimekihifadhi sehemu mbili, bila kujua.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Nikaingia intaneti na kusoma mpaka alfajiri. Nikajifunza kwamba kufomati kwa haraka hakufuti kitabu, kunachana ukurasa wa yaliyomo tu, na kwamba maneno yapo yote alimradi hujaandika kitu juu yake. Nikapata programu ya bure iitwayo PhotoRec, dirisha jeusi lenye maandishi meupe, ambayo haijali majina wala folda. Inapita diski nzima ikinusa mianzo ya mafaili, na kila inapokuta kinachofanana na mwanzo wa picha inakiokoa. Nikaielekeza isome D na kumwaga C.

Ikamwaga folda 23, mafaili 500 katika kila moja, ya mwisho imepungua. Hakuna faili lililorudi na jina lake. Yote yalianza na f na namba ya mahali lilipookotwa, na kando ya picha nyingi kulikuwa na pacha wake mdogo anayeanza na t, ile taswira ndogo iliyokuwa imefichwa ndani ya picha kubwa. Mafaili ambayo diski ilikuwa imeyahifadhi vipande vipande yalirudi yamekatika, na ndiyo sababu ya ile saruji magotini. Video ya hatua zake za kwanza inacheza sekunde nne: zulia, kiti, sauti yangu ikisema "njoo, njoo", kisha inaganda kabla yeye hajaingia. Kazi za mama yake zilirudi karibu zote, ingawa ilibidi nifungue moja moja kujua ipi ni ipi. Na ile folda ya Draiva? Ilirudi pia, programu zaidi ya mia zinazoitwa f kitu fulani, na kati ya hizo moja ndiyo draiva ya kadi ya mtandao. Windows 7 nilipoisakinisha hatimaye, mwezi mmoja baadaye, haikuitambua kadi hiyo. Ili upate intaneti unahitaji draiva, na ili upate draiva unahitaji intaneti. Nilizijaribu moja moja. Ilikuwa ya arobaini na kitu.

Asubuhi ile ya Jumapili mama yake aliamka akanikuta bado nimekaa pale pale.

"Umemaliza?"

"Kulikuwa na kirusi," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Lilitoka tu, na likishatoka likakaa vizuri sana. Likaeleza macho mekundu, likaeleza folda 23, likaeleza kila kitu. Nikamweleza kwamba baadhi ya picha zimeharibika lakini nyingi nimeziokoa. Akaja akanishika bega. "Pole. Bahati nzuri uliwahi."

Lingeishia hapo pengine ningelitubu mwaka ule ule. Lakini alikwenda kusimulia. Shemeji akasikia, jirani akasikia, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa na kompyuta mbili za watu mezani, moja kweli ina virusi, nyingine ina vumbi tu. Nikawa mtu anayejua. Mpaka leo simu yangu ikiita kabla ya saa mbili asubuhi huwa ni mtu ambaye mashine yake imekataa kuwaka. Ujuzi wenyewe nilikuja kuupata kweli, kwa sababu ilibidi. Sijui hilo linahesabiwaje.

Sasa mashine ninayoitumia nayo imefika zamu yake. Windows 10 ilifika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, Jumanne kama ile ya XP. Safari hii hakuna cha kufomati: inapanda yenyewe kutoka 10 kwenda 11 na kuyaacha mafaili yalipo, ndivyo inavyoahidi. Ile chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayodaiwa ninayo, nimekagua mara tatu. Nimenunua diski ya pembeni, nimenakili kila kitu, nimenakili siyo kukata, nimehesabu mafaili pande zote mbili. Patisheni nimezipa majina. Moja inaitwa USIGUSE. Na bado kila ujumbe wa kupandisha ukija, naubofya unikumbushe baadaye.

Binti yangu hakusubiri jibu. Alikuwa ameshaibadilisha jina ile picha, sasa inaitwa bila_miguu, na kishale kiko juu ya inayofuata.

"Baba, nizipe zote majina? Nina nafasi wikendi."

Nilijikuta nasema aache kwanza. Akataka kujua mpaka lini. Mpaka nikishapandisha Windows, nikamwambia.

Mama yake akaweka simu chini.