Nilikariri chati ya herufi, kumbe kasheshe iko kwenye matone

Usiku wa kuamkia kipimo cha macho cha kuomba urubani jeshini mi nilikuwa nakariri herufi. Siriasi kabisa, nimejilaza kitandani na simu nimefungua ile chati inayoanza na herufi moja kubwa juu halafu zinapungua mpaka zinakuwa kama sisimizi, nashuka mstari kwa mstari kama mtoto anayekariri tebo ya saba. Nikalala saa nane najiona mjanja.

Asubuhi nafika, chati ile haipo. Kuna mashine, unaweka paji la uso, herufi zinatokea ndani na kila jicho lina za kwake, basi ujanja wangu ukafia hapohapo mlangoni. Na cha kuchekesha ni kwamba herufi zenyewe nilizisoma zote bila shida. Hii kitu ya chati ilianzishwa 1862 na daktari wa macho Mholanzi anaitwa Herman Snellen, na zile namba zinazotisha watu wala sio ngumu, 6/6 ni kwamba umesimama mita 6 na umesoma kile ambacho jicho la kawaida linakisoma likiwa mita 6, wanaopima kwa futi ndo wanaandika 20/20, kitu kilekile. Ukipata 6/12 ujue wewe umesogea mpaka mita 6 kusoma kitu ambacho mwenzio anakisoma akiwa mita 12 huko.

Na usije ukadhani ukivaa miwani ndo basi tena. Majeshi kibao siku hizi yanachukua wenye miwani ila kuna kiwango, na mengine yanakubali hata aliyerekebishwa macho kwa leza, jeshi la anga la Marekani lilianza na aina ya PRK ambayo haikati kifuniko kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, LASIK inayokikata wakaja kuikubali 2007. Ila tafadhali usikimbilie leza kabla hujajua jeshi lako linataka nini, kuna watu wamejifungia mlango wenyewe. Na kama unavaa lenzi za kubandika machoni zivue mapema, sio siku mbili kabla, wiki kadhaa, maana zinaibana konea umbo linabadilika na mashine itapima jicho ambalo sio lako.

Baada ya herufi tukaingia kwenye rangi. Pale ndo chumba kilikuwa kimya.

Ni kile kitabu cha madoadoa cha Ishihara, daktari Mjapani, kilitoka 1917 na mpaka leo bado kinaliza watu. Ukurasa wa kwanza ni 12, huo hata asiyeona rangi anausoma, umewekwa makusudi ili ukisema huuoni wajue unacheza. Baada ya hapo namba zinajificha kwenye kijani na nyekundu. Mbele yangu kulikuwa na jamaa mmoja mpole hivi, tulikuwa tumepiga stori tangu getini, akasoma 12 kwa sauti kabisa, ukurasa uliofuata akakaa kimya, akainamisha kichwa, akasema daktari hapa mbona hakuna kitu. Daktari hakumgombeza wala nini, akamuuliza tu, kijana, mjomba wako upande wa mama anaona rangi vizuri? Jamaa akasema mjomba tunamtaniaga kila siku kwa mavazi yake. Sasa mi sikujua, kumbe hii kitu inapita kwa mama, mama mwenyewe anaweza kuwa anaona vizuri tu lakini mtoto wa kiume anaweza kuipata, ndo maana wanaume wanaongoza kwa mbali sana.

Nilimuonea huruma na kidogo nikaona wanamuonea, mtu anaona mbali kuliko mimi unamtoa kwa sababu ya madoadoa? Lakini ukiwaza rubani anaishi na rangi. Ndege usiku ina taa nyekundu bawa la kushoto na kijani la kulia, hapo ndo unajua inakuja au inaenda. Redio ikifa, mnara wa waongoza ndege wanakumulikia taa, kijani isiyokatika unatua, nyekundu isiyokatika unaendelea kuzunguka. Na pembeni ya ranwei, ile njia ya kutua na kuruka, kuna taa nne, ukiona nyeupe mbili nyekundu mbili uko sawa, zikiwa zote nyekundu uko chini mno. Julai 2002 ndege ya mizigo ya FedEx ilianguka kabla ya kufika ranwei pale Tallahassee, alfajiri kukiwa bado giza, na wachunguzi waliitaja shida ya kuona rangi ya rubani msaidizi kuwa mojawapo ya vilivyochangia. Wote watatu waliokuwa ndani walipona. Baada ya kusoma hiyo sikulalamika tena.

Mimi rangi nikapita. Kina nikapita, kile cha kuambiwa duara lipi limetokeza mbele ya mengine. Kipimo cha kuziba jicho moja moja kuona kama linahama hapo niliyumba kidogo, daktari akaniuliza umelala saa ngapi, nikamdanganya, akaguna. Jicho lenye usingizi linapenda kuteleza, kwa hiyo ile saa nane yangu ya kukariri ilikaribia kuniponza.

Halafu matone.

Wanakudondoshea dawa inayolaza ule msuli mdogo unaoifanya lenzi ya jicho inenepe ili uone karibu. Sasa shida ya vijana ni kwamba lenzi yetu bado laini, unaweza kuwa na kasoro ya kutoona vizuri karibu na usijue miaka na miaka, maana msuli unakufanyia kazi kimyakimya, we unajisifia una macho ya mwewe. Dawa ikimlaza huyo msuli, uongo wote nje. Mi ndo nilikuwa mtu wa hivyo! Jicho la kulia likatoka +1.75, hiyo ni namba ya lenzi ya miwani, na alama ya kujumlisha ndo kasoro yenyewe ya karibu. Daktari akaandika, akaangalia, akaandika tena, mi moyo unagonga mpaka masikioni, nikamuuliza vipi dokta, akasema subiri nje.

Nikakaa nje kwenye benchi, mboni zimefunguka kama milango, jua linanichoma, kila kitu cha karibu kina ukungu. Karatasi ikaletwa. Nikaisogeza, nikairudisha, nikainyoosha mkono wote, wapi. Herufi nazijua zipo, ila ni mchwa tu wanatembea.

Yule jamaa wa rangi alikuwa bado kakaa palepale, hajaondoka, sijui alikuwa anasubiri nini. Nikampa, nikamwambia kaka nisomee, mi sioni. Akaichukua akaisoma taratibu mstari kwa mstari, herufi ndogo kabisa za chini anazisoma bila kukunja hata uso, kulia, kushoto, rangi, kina, akafika mwisho akanyamaza kidogo.

"Umefaulu," akasema. Akanikunjia karatasi vizuri akanirudishia.