Jinsi nilivyoondoa grisi katika mbao za bunduki ya kale

Mteja wangu hapa Malindi, mwenye kibali cha kumiliki silaha, aliniletea mbao za Lee-Enfield No. 4, bunduki ya kijeshi ya Uingereza, ya masalio ya jeshi, huku vyuma vyake vikibaki kwenye sefu. Kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, bunduki hiyo ni ya ukusanyaji tu. Kila joto lilipopanda, mbao zilitoa utando mweusi unaonata, kwani silaha za kuwekwa ghalani muda mrefu hupakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, nayo hupenya hadi ndani ya nyuzi.

Mafuta ya taa yalisafisha juu tu. Maji moto yenye sabuni yalizifanya nyuzi zisimame. Msasa sikuugusa, maana ungefuta mihuri ya kiwandani, ambayo mkusanyaji huithamini kuliko mng'ao wowote.

Kilichofaa ni jua la kaskazi. Nilizizungushia mbao vitambaa vya pamba, nikazifunika kwa turubai jeusi juu ya bati tangu asubuhi, na grisi ikaanza kuchuruzika. Jambo lililoleta tofauti ni kuzipangusa palepale juani, zingali moto kiasi cha kuunguza vidole, kwa sababu zikipoa kivulini mbao huifyonza tena. Nilirudia hivyo mpaka kitambaa kikatoka kikavu.

Nilimalizia kwa mafuta ya mbegu za kitani (linseed), matone machache yakisuguliwa kwa kiganja. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vianikwe vikiwa vimetandazwa, kwani vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.